Shahidi wa Mkataba: Ulaya na Amani ya Pembe ya Afrika

Leo twende kaskazini kidogo, Pembe ya Afrika: Ethiopia, Eritrea, Somalia, Jibuti, pamoja na Sudan na Sudan Kusini, ambazo kwenye ramani wengine huziweka kando lakini kwa siasa na wakimbizi haziwezi kutenganishwa na jirani zao.

Najua habari za huko hutufikia vipande vipande. Leo mapigano, kesho mkutano, keshokutwa picha ya wakubwa wawili wakipeana mikono. Jioni hii tusiwaangalie wanaopeana mikono. Tumtazame yule anayesimama pembeni kidogo ya picha, suti nadhifu, kitambulisho shingoni: mjumbe kutoka Ulaya. Nani kamwita? Anafanya nini pale? Na wapiga picha wakishafunga vifaa vyao, yeye huelekea wapi?

Hilo swali la mwisho ndilo litakalotukalisha.

Tuanzie Algiers. Mwezi Mei 1998 Ethiopia na Eritrea ziliingia vitani. Cheche ilirukia Badme, kijiji kidogo cha mpakani, pakavu, jina ambalo wengi wetu tulilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa miaka miwili vijana wa pande zote mbili waliuana kwenye mahandaki, na inakadiriwa kuwa makumi ya maelfu walikufa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ambao Katibu Mkuu wake wakati ule alikuwa Mtanzania, Salim Ahmed Salim, ulihangaika sana kuwapatanisha. Algeria ikabeba mzigo wa usuluhishi, Wamarekani wakasukuma, na Umoja wa Ulaya ukawa na mjumbe wake maalumu, Mwitalia Rino Serri. Tarehe 12 Desemba 2000, Meles Zenawi wa Ethiopia na Isaias Afwerki wa Eritrea wakatia sahihi mkataba wa amani mjini Algiers.

Mkataba ulisema nini? Kwamba mpaka utaamuliwa na tume huru, na kwamba uamuzi wa tume hiyo utakuwa wa mwisho na utazifunga pande zote mbili. Wa mwisho, msikilizaji. Neno hilo lilikuwa ndani ya maandishi, na wakubwa wa dunia walikuwapo ukumbini wakilisikia.

Sasa sikiliza tume iliambiwa itazame nini. Ilipewa mikataba ya mwaka 1900, 1902 na 1908, iliyofungwa kati ya Italia na Mfalme Menelik wa Ethiopia enzi Eritrea ilipokuwa koloni la Italia. Yaani wanajeshi waliokufa mwaka 1999 walikuwa wakigombea mistari iliyochorwa na wino wa Roma kabla babu zao hawajaoa. Tume ikakaa The Hague, mwenyekiti wake mwanasheria wa Kiingereza, Elihu Lauterpacht. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakapelekwa mpakani, na miongoni mwa waliotangulia walikuwamo wanajeshi wa Uholanzi, chini ya jenerali Mholanzi. Ukitaka kuona mkono wa Ulaya katika jambo moja, tangu kidonda mpaka bendeji, ni huo.

Hukumu ikatoka tarehe 13 Aprili 2002. Na hapa kuna kituko: siku hiyo Addis Ababa ilitangaza ushindi! Maandishi ya tume hayakusema waziwazi Badme imeangukia upande gani. Yalitoa vipimo vya ramani. Wataalamu walipokaa na kuvisoma vile vipimo, Badme ikaonekana iko Eritrea. Ethiopia ikageuka. Meles akaandika kwa Umoja wa Mataifa mwaka 2003 kuupinga uamuzi na kutaka utafutwe utaratibu mwingine.

Swali langu ni hili: wale waliokuwapo Algiers walifanya nini?

Walitoa matamko. Walisema pande zote zijizuie. Walizihimiza zizungumze. Wakati huohuo, mwaka 2004, Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, alipounda tume yake ya kuiangalia Afrika, Meles alikuwa mmoja wa wajumbe. Msaada wa Ulaya kwa Ethiopia uliendelea, kwa sababu Ethiopia ilionekana nguzo dhidi ya ugaidi, na Desemba 2006 jeshi lake likaingia Mogadishu. Isaias, kwa upande wake, hakuwa mtu rahisi kumtetea. Aliwafunga mawaziri wenzake na waandishi wa habari mwaka 2001, na hawajaonekana tena hadharani. Ulaya ikajikuta ina mtu mgumu mwenye haki kisheria, na rafiki anayekaidi hukumu. Ikamchagua rafiki, kwa njia ya kunyamaza.

Eritrea nayo ikalipiza kwa walinda amani. Mwaka 2005 ikazuia helikopta zao zisiruke, kisha ikawaamuru watumishi wa Umoja wa Mataifa kutoka Ulaya, Marekani na Kanada waondoke. Mwaka 2008 kikosi kizima kikafungwa. Na tume ya mpaka? Ilichoka. Novemba 2007 iliacha mpaka ukiwa umewekwa kwa namba za ramani tu, hakuna nguzo iliyosimikwa ardhini, ikajivunja.

Msikilizaji, wengi wetu tunajua mauziano ya shamba yanavyokwenda kijijini. Muuzaji yupo, mnunuzi yupo, mwenyekiti wa kitongoji yupo na mhuri wake, na mashahidi wanatia sahihi au dole gumba. Kwa nini tunawataka mashahidi? Si kwa ajili ya siku ile ya soda na kupongezana. Tunawataka kwa ajili ya miaka sita baadaye, mtu atakapong'oa masale ya mpakani usiku na kuyasogeza. Ukimfuata shahidi wako siku hiyo naye akakujibu, «Jirani yule ananisaidia mambo mengi, mzungumze tu wenyewe,» utamwitaje?

Basi hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Ulaya imekuwa hodari wa kuwapo siku ya sahihi. Udhaifu wake huonekana miaka inayofuata.

Na gharama ya kunyamaza haikubaki Badme. Kwa miaka ile yote ya si vita si amani, serikali ya Asmara ilikuwa na sababu ya kuwaambia vijana wake: nchi iko hatarini, jeshini hamtoki. Utumishi wa lazima ukakosa mwisho. Vijana wakaanza kutoroka, Sudan, Libya, baharini. Tarehe 3 Oktoba 2013 mashua ilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, Italia. Zaidi ya watu 360 walikufa, wengi wao Waeritrea. Sisemi mpaka wa Badme peke yake ndio uliowaua. Utawala wa Asmara una hesabu yake ya kutoa. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 2014, Ulaya iliziita nchi za Pembe kule Roma kuanzisha kinachoitwa Mchakato wa Khartoum. Kuzungumzia mpaka? Hapana. Kuzungumzia namna ya kuwazuia wahamiaji.

Amani ilipokuja hatimaye, Julai 2018, Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alipokwenda Asmara akikubali ile hukumu ya 2002, mkataba haukutiwa sahihi Brussels wala Geneva. Ulitiwa sahihi Jeddah, Septemba mwaka huo, mbele ya Mfalme wa Saudia. Mwaka uliofuata Oslo ikampa Abiy Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nadhani unaanza kuona mambo yanavyogeuka. Lakini kabla hatujafika huko, tuzungumzie fedha, maana kwenye fedha Ulaya haikukosekana.

Wewe unayenisikiliza ukiwa Kampala, Bujumbura au Nairobi, huenda una ndugu aliyewahi kutumikia Somalia. Uganda ilipeleka askari Mogadishu Machi 2007, Burundi ikafuata. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 kwa uamuzi wake, na mwaka 2012 majeshi yake yakaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Posho ya askari hao ilitoka wapi? Ilitoka Umoja wa Ulaya. Dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, na serikali yake ikikata kama dola 200. Kwa miaka ya AMISOM, Brussels ilitoa zaidi ya yuro bilioni 2.

Tuseme ukweli: bila fedha hizo Mogadishu ingekuwa na historia nyingine. Wapiganaji wa Al-Shabaab walifukuzwa katikati ya jiji mwaka 2011, na damu iliyolipia ushindi huo ilikuwa ya Waganda na Warundi kwa wingi, mbali na ya Wasomali wenyewe. Ulaya ilitoa yuro, Afrika Mashariki ilitoa watoto wake. Si mgawanyo wa haki, lakini ulifanya kazi.

Kisha Januari 2016 Ulaya ikapunguza posho kwa asilimia 20. Sababu yake ilieleweka: wengine nao wachangie. Ila mwezi huohuo, tarehe 15, kambi ya Wakenya ya El Adde ilivamiwa na Al-Shabaab, na familia nyingi za Kenya zikapokea majeneza. Anayechangia fedha ana haki ya kuhesabu; lakini anayehesabu akiwa Brussels hasikii mlio.

La Burundi lilikuwa gumu zaidi. Baada ya msukosuko wa 2015, Rais Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, Ulaya ilisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali yake. Ikaja kasoro: posho za askari wa Burundi walioko Somalia zilikuwa zikipitia serikalini. Ulaya haikutaka zipite huko tena. Askari wakakaa miezi mingi bila posho, Bujumbura ikatishia kuwarudisha nyumbani, na suluhu ikapatikana mwanzoni mwa 2017 kwa kuzipitisha fedha kwenye benki ya biashara. Nauliza, na wala si swali la kejeli: je, Ulaya ilikosea? Mimi sioni kosa katika kukataa kumlipa mtawala anayewatesa raia. Naona kosa katika kujenga amani ya nchi moja juu ya mfereji mmoja wa fedha, halafu kushangaa mfereji ukiziba.

Baharini mambo yalikwenda vizuri zaidi. Manowari za Ulaya, operesheni Atalanta, zilifika pwani ya Somalia Desemba 2008 kulinda meli, zikiwamo zile za chakula cha msaada. Washukiwa wa uharamia waliokamatwa walifikishwa hata mahakamani Mombasa, kwa makubaliano na Kenya ya mwaka 2009. Uharamia ukapungua sana. Meli zina bima, zina wenye mali London na Hamburg, na kwa meli Ulaya haikuchoka haraka. Hilo nalitaja tu, wewe lipime.

Usinielewe vibaya, msikilizaji. Sisemi Ulaya haijawahi kukaa mpaka mwisho. Unaikumbuka Naivasha? Vita vya kaskazini na kusini mwa Sudan vilikuwa vimeendelea tangu 1983. Msuluhishi alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu. Itifaki ya Machakos ikatiwa sahihi Julai 2002. Kisha John Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum wakakaa Naivasha, miezi na miezi, kando ya ziwa, wakigawana mafuta, jeshi na madaraka. Nyuma ya Sumbeiywo walikuwapo Wanorwe, Waingereza na Wamarekani, wale watatu walioitwa Troika. Waziri wa Norwe, Hilde Johnson, alikuwa akiwafahamu Garang na Taha kwa karibu. Mkataba ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Garang akafa kwenye ajali ya helikopta Julai ya mwaka huohuo. Ungeweza kudhani mkataba umekufa naye. Haukufa. Kura ya maoni ikafanyika Januari 2011, Sudan Kusini ikapata uhuru Julai.

Tofauti na Algiers iko wapi? Msuluhishi alikuwa mtu wa jirani, mwenye uvumilivu na kofia moja. Wazungu walikaa nyuma yake, si mbele. Na waliendelea kuuliza, mwaka baada ya mwaka: kura ya maoni iko wapi? Ndiyo, Darfur iliachwa nje ya mkataba, na ndiyo, Desemba 2013 Wasudani Kusini waligeukiana wenyewe kwa wenyewe. Hilde Johnson huyohuyo alikuwa Juba wakati huo akiongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa, akiiona kazi ya Naivasha ikiungua. Kukaa hakuhakikishi chochote. Kuondoka, hata hivyo, tumeshaona kulichohakikisha.

Sasa turudi Ethiopia. Vita vya jimbo la Tigray vilianza Novemba 2020. Ulaya, safari hii, ilisema kwa sauti. Ilizuia msaada wa bajeti wa karibu yuro milioni 90. Ikamtuma Pekka Haavisto, waziri wa mambo ya nje wa Finland, aende Addis Ababa. Na Desemba 2021, kwa ombi la Umoja wa Ulaya, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likakutana Geneva na kuunda tume ya wataalamu ya kuchunguza uhalifu uliotendwa na pande zote: mauaji, ubakaji, njaa iliyotumiwa kama silaha. Hapo Ulaya ilikuwa shahidi kweli.

Amani ikapatikana Pretoria, tarehe 2 Novemba 2022. Wasuluhishi walikuwa Olusegun Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka, chini ya Umoja wa Afrika. Waangalizi chumbani: Umoja wa Mataifa, IGAD na Marekani. Umoja wa Ulaya haukuwamo. Ulikuwa umesema ukweli, na aliyeambiwa ukweli hakuutaka mezani. Hiyo ni bei ya kawaida, wala si aibu.

Linalonisumbua ni kilichofuata. Januari 2023 mawaziri wa mambo ya nje wa Ufaransa na Ujerumani walifika pamoja Addis Ababa. Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ukatangaza mpango wa yuro milioni 650 kwa Ethiopia. Na katika siku hizohizo, mwanzoni mwa Oktoba, muda wa ile tume ya Geneva ulikuwa unakwisha. Ili iendelee, ilibidi mtu apeleke hoja. Waliokuwa wakiipeleka ni Wazungu. Hawakuipeleka. Tume ikafa bila hata kupigiwa kura, huku wataalamu wake wakionya kwamba hatari haijapita.

Nasikia atakayesema: serikali ya Ethiopia iliahidi mahakama zake na utaratibu wake wa haki, Ulaya ilitaka kujenga upya uhusiano, na China na Falme za Kiarabu, yaani Emarati, walikuwa tayari mlangoni. Yote kweli. Lakini mama wa Axum, Tigray, aliyetoa ushahidi wake kwa siri, akiamini unaandikwa mahali, yeye aliambiwa nini?

Nimalizie na Sudan, ambako moto ungali unawaka. Jeshi la serikali chini ya Jenerali Burhan na wanamgambo wa RSF wa Hemedti walianza kupigana tarehe 15 Aprili 2023. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, Ufaransa, Ujerumani na Umoja wa Ulaya waliitisha mkutano Paris. Ahadi zikazidi yuro bilioni 2. Mwaka 2025, tarehe ileile tena, ikawa zamu ya London. Wasudani wanaopigana hawakualikwa. Walialikwa jirani na marafiki wao, ili wakubaliane angalau juu ya kundi la kusukuma usuluhishi. Hawakukubaliana. Misri, Saudia na Emarati zilishindana juu ya maneno, na siku ikaisha bila tamko la pamoja. Septemba mwaka huohuo, nchi hizohizo tatu na Marekani zilikaa peke yao na kutoa pendekezo la kusitisha mapigano kwa miezi mitatu. Hakukuwa na kiti cha Ulaya. Mwishoni mwa Oktoba, mji wa El Fasher, Darfur, ukaanguka mikononi mwa RSF.

Kwa hiyo wengine husema: Ulaya imekwisha Pembe ya Afrika, imebaki kulipia unga na mahema. Unga na mahema si kitu kidogo kwa mama aliye kambini Chad. Lakini mimi sikubali kwamba haina la kufanya. Umoja wa Ulaya una marufuku ya kupeleka silaha Sudan tangu mwaka 1994. Hata hivyo, Novemba 2024 Amnesty International ilieleza kwamba magari ya deraya yaliyotengenezwa Emarati na kutumiwa na RSF yalikuwa yamefungwa mfumo wa kujilinda uliotengenezwa Ufaransa. Emarati inakanusha kuwapa RSF silaha. Haya, ibishaniwe. Ila kibali cha kuuza mfumo ule nje hutolewa Paris na kinaweza kufutwa Paris, alasiri moja, bila kusubiri Cairo, Riyadh na Abu Dhabi zikubaliane juu ya sentensi.